Ardhi Isiyouzwa: Kutoka Anenecuilco hadi Karakoli za Chiapas

Wazapatista wa jimbo la Chiapas, kusini mwa Meksiko, wanajulikana zaidi kwa kofia nyeusi za kuficha uso, kwa bunduki za Januari 1994 na kwa kalamu ya msemaji wao wa zamani, Subcomandante Marcos. Hayo hayatoshi kueleza kwa nini bado wapo. Majeshi mengi ya msituni ya Amerika ya Kati ya zama zao yaligeuka vyama vya uchaguzi au yalisambaratika. Wao wana miaka zaidi ya 30 wakiendesha shule, zahanati, mahakama na mabaraza bila mshahara na bila kupokea senti ya serikali. Kwa maoni yangu siri iko kwenye ardhi. Utawala wao wote umejengwa juu ya kanuni moja: shamba haliuzwi, halikodishwi, haliwekwi rehani. Pale kanuni hiyo inapolegea, mkutano wa kijiji hubaki jina tu.

Wachambuzi huwaita wajamaa huria, yaani watu wanaotaka mali iwe ya pamoja bila dola kuisimamia kutoka juu. Wenyewe hawajajibandika jina hilo. Linawafaa kwa jinsi wanavyofanya mambo, ila tusidhani wamelichota vitabuni. Mizizi yake ni ya wakulima wa mahindi, na inaanzia mbali na Chiapas.

Sanduku la hati

Anenecuilco ni kijiji cha jimbo la Morelos, kusini mwa Jiji la Meksiko. Mwaka 1909 kilikuwa na watu wapatao 400 na kilikuwa kimezingirwa na mashamba makubwa ya miwa, yale yaitwayo hasienda. Reli na mitambo mipya ya kukamua miwa vilikuwa vimeifanya sukari kuwa biashara nono, na kila mtambo mpya ulidai miwa zaidi, maji zaidi, vibarua zaidi. Ardhi ya vijiji haikuchukuliwa kwa siku moja. Kwanza hasienda ilisogeza uzio. Kisha ilipindisha mfereji wa maji, au ng'ombe wake wakaingia kwenye mahindi ya watu. Kijiji kilikwenda mahakamani, kesi ikakaa miaka, na muda wote huo miwa iliota kwenye shamba linalobishaniwa. Mkulima asiye na pa kulima aliishia kuwa kibarua wa yuleyule aliyemnyang'anya.

Septemba 1909 wazee wa baraza la Anenecuilco walijiuzulu kwa sababu kesi hizo zilihitaji watu wenye nguvu. Kijiji kilimchagua Emiliano Zapata, ambaye Wazapatista wamechukua jina lake, mwenye umri wa miaka 30, naye akakabidhiwa hati za kijiji: ramani na karatasi za tangu enzi za Wahispania, nyingine zikiwa katika Kinahuatl. Yeye na katibu wa kijiji walijifungia kanisani siku 8 wakizisoma, na zile za Kinahuatl zikapelekwa kijiji cha Tetelcingo kwa padri aliyeijua lugha hiyo. Kiongozi aliyekuja kutikisa taifa alianza kazi kwa kusoma mipaka. Mwaka uliofuata, mvua zilipokaribia, hasienda iliyoitwa Hospital iliwazuia watu wa Anenecuilco kulima na ikawapa wengine mashamba hayo. Barua kwa gavana hazikusaidia. Zapata akachukua watu wapatao 80 wenye silaha, wakaenda shambani, wakawaomba waliokuwa wakilima waondoke, wakagawana ardhi na kupanda.

Hayo yalitokea kabla ya mapinduzi kuanza. Francisco Madero alipomwinukia Rais Porfirio Díaz mwishoni mwa 1910, tangazo lake lilikuwa na ibara iliyoahidi kurudisha ardhi iliyoporwa, na ibara hiyo ndiyo iliyowavuta watu wa Morelos. Mei 1911 waliuteka mji wa Cuautla, Díaz akaondoka, Madero akaelekea ikulu. Halafu akawaambia wakabidhi silaha kwanza. Habari ya ardhi ingeshughulikiwa na sheria, polepole. Novemba 1911 Zapata na mwalimu wa shule Otilio Montaño waliandika Mpango wa Ayala.

Mpango huo husifiwa kwa ujasiri, lakini uzito wake umo katika ibara 3. Ibara ya 6 inasema kijiji au raia mwenye hati aliyenyang'anywa ardhi, msitu au maji aingie na kumiliki mara moja, akiilinda ardhi hiyo kwa silaha. Mwenye hasienda anayejiona ana haki ndiye aende mahakamani, tena baada ya mapinduzi kushinda. Hapo mzigo wa kuthibitisha umehamishwa. Zamani kijiji kilikuwa mlalamikaji anayesubiri nje ya shamba. Sasa kiko ndani, na tajiri ndiye anayesubiri. Ibara ya 7 inahusu wasio na hati kabisa: theluthi ya mashamba ya matajiri itwaliwe kwa fidia ili wapate pa kulima. Ya 8 ni kwa wale watakaopinga. Mali yao yote itataifishwa, na theluthi mbili walizokuwa wabaki nazo zitalipia gharama za vita na pensheni za wajane na yatima.

Mwaka 1915, majeshi mengine yakiwa yanapigana kaskazini, Morelos ilipata nafasi ya kuutekeleza mpango huo. Manuel Palafox, waziri wa kilimo wa serikali ya muungano wa Zapata na Francisco Villa, kiongozi wa mapinduzi wa kaskazini, alitwaa mashamba na viwanda vya sukari. Vijana wa Shule ya Taifa ya Kilimo walikuja kupima mipaka ya vijiji karibu 100. Wapimaji walipendelea mistari iliyonyooka, kama walivyofundishwa. Zapata aliwaagiza wafuate kauli ya kijiji: wakisema mpaka unapita kwenye ukuta wa mawe, mstari upite ukutani na kona zake zote. Ukuta ule unakumbukwa na pande zote mbili za mpaka, ramani mpya hakuna anayeikumbuka. Mpimaji akinyoosha mstari kwa kujirahisishia kazi, anakata shamba la mtu au chanzo cha maji, na vijiji viwili vilivyokuwa upande mmoja vinaanza kupigana.

Miwa ndiyo iliyoleta ubishi. Mitambo ya Temixco, Hospital, Atlihuayán na Zacatepec ilifufuliwa chini ya majenerali wa mapinduzi, na Zapata mwenyewe aliwahimiza watu walime miwa ili wapate fedha taslimu. Wanavijiji walipanda mahindi, maharage, pilipili, vitunguu na nyanya. Walikuwa wamekula njaa katikati ya miwa kwa miaka mingi, hawakutaka tena zao linalowafunga kwa mwenye mtambo. Naye hakuwalazimisha. Kwangu huo ni ushahidi mkubwa wa msimamo wake kuliko hotuba yoyote, maana jeshi lake lilihitaji fedha hizo sana.

Sheria ya ardhi ya Oktoba 1915 iliweka ukomo wa umiliki kulingana na hali ya hewa na ubora wa udongo: hekta 100 kwa ardhi bora ya umwagiliaji kwenye joto, hadi hekta 1,500 kwa nyika kavu za kaskazini. Kiwanja kilichogawiwa hakikuweza kuuzwa wala kuwekwa rehani. Kilirithiwa tu, na aliyekiacha miaka 2 bila kulima pasipo sababu alikipoteza. Mwaka 1916 jeshi la serikali chini ya Jenerali Pablo González liliivamia Morelos na kuharibu karibu kila kilichojengwa. Zapata aliuawa kwa hila kwenye hasienda ya Chinameca tarehe 10 Aprili 1919.

Upande wa fikra za kuikataa dola, jina la kukumbuka ni Ricardo Flores Magón, mzaliwa wa Oaxaca, aliyeandika katika gazeti lake Regeneración kwamba ardhi itwaliwe na wanaoilima bila kungoja serikali yoyote. Wito wa "Ardhi na Uhuru" unaohusishwa sana na Zapata ulienezwa kwanza na watu wa Magón. Alifia gerezani Marekani mwaka 1922. Wazapatista wa leo waliipa manispaa yao moja jina lake.

Ehido, au nusu ya ushindi

Katiba ya 1917 iliingiza dai la ardhi katika ibara ya 27, na hapo ukazaliwa mfumo wa ehido: kijiji kinapewa ardhi, kila familia inapata sehemu yake ya kulima, malisho na msitu vinatumiwa pamoja, na hakuna ruhusa ya kuuza. Rais Lázaro Cárdenas, kati ya 1934 na 1940, aligawa hekta zipatazo milioni 18. Ni kazi kubwa na haifai kubezwa. Ila mtoaji alikuwa dola. Ombi lilipanda kutoka kijijini hadi jimboni hadi kwa rais, na aliyetaka lisogee alijua chama gani cha kupigia kura. Ile sehemu ya Mpango wa Ayala iliyosema "ingieni sasa, wao waende mahakamani" ilikuwa imefutwa.

Chiapas hata nusu hiyo iliifikia kwa shida. Wenye mashamba wa huko walichukua silaha mwaka 1914 kuyapinga mapinduzi, na mwaka 1920 kiongozi wao akawa gavana. Kwenye mashamba hayo, finka, familia za Watseltal, Watsotsil, Wach'ol na Watojolabal zilipewa kipande cha kulima kwa malipo ya siku za kazi bila ujira, na deni la duka la shamba lilirithiwa na mtoto. Kuanzia miaka ya 1950 wengi walishuka kwenye msitu wa Lacandón kufyeka vijiji vipya na kuomba ehido. Wakiwa bado wanangoja, mwaka 1972 serikali ilitoa hekta 614,321 za msitu huo kwa familia 66 za Walacandón. Maelfu waliokwisha kujenga humo wakawa wavamizi kwa sahihi moja.

Hapo ndipo vijiji vilipojifunza kujipanga. Makatekista wa dayosisi ya Askofu Samuel Ruiz walikuwa wakifundisha kwa kuuliza na kukusanya majibu badala ya kuhubiri, na Kongamano la Wenyeji la Oktoba 1974 mjini San Cristóbal de las Casas liliwakutanisha watu wa lugha nne kuzungumzia ardhi, biashara, elimu na afya. Mwaka uliofuata ulianza muungano wa ehido wa Quiptic Ta Lecubtesel. Kwa hiyo tarehe 17 Novemba 1983, watu 6, watatu wenyeji na watatu machotara, walipoanzisha msituni jeshi la Wazapatista, EZLN, hawakukuta uwanja mtupu. Shirika lililowatuma, FLN, lilikuwa la kimapinduzi la kawaida, lenye wateule wachache wa kuwaongoza wengi. Vijiji vililigeuza. Marcos mwenyewe amesema mara nyingi kwamba walichokuja nacho kilishindwa na wenyeji, na kwamba kushindwa huko ndiko kulikowaokoa.

Mambo mawili yalikata subira. Mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa ya mgao wa kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikinunua chumvi, sabuni na dawa. Kisha Januari 1992 Rais Carlos Salinas alibadili ibara ya 27: ugawaji wa ardhi ukafungwa, na ehido ikaruhusiwa kukatwa vipande vyenye hati binafsi vinavyoweza kuuzwa. Kwa kijiji kilichongoja ombi lake miaka 20, faili lilifungwa usoni. Mwaka huohuo EZLN ilipeleka swali la vita kwenye mikutano ya vijiji, majibu yakaandikwa kwa mihutasari na kuhesabiwa. Tarehe 1 Januari 1994, siku mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulipoanza kazi, waliiteka miji 7, San Cristóbal na Ocosingo ikiwemo. Mapigano yalidumu siku 12.

Siku hiyo walisambaza pia sheria zao. Ya ardhi iliagiza kutwaliwa kwa kila shamba linalozidi hekta 100 za udongo mbaya au hekta 50 za udongo mzuri, na ardhi hiyo iwe ya kazi ya pamoja. Wenye finka wengi walikimbia, na vijana wasio na shamba wakateremka kutoka milimani kwenye miamba hadi mabondeni walikofanyia kazi babu zao. Ardhi hii huitwa ardhi iliyorejeshwa. Haina hati yoyote ya serikali. Ibara ya 6 ya Ayala ilikuwa imerudi.

Zamu na mahindi

Hadi mwaka 2023 utawala uliojengwa juu ya ardhi hiyo ulikuwa na ngazi. Chini kabisa kulikuwa na kijiji chenye mkutano mkuu, wakala wake, na kamati ya mashamba inayosimamia mipaka. Desemba 1994 walitangaza manispaa 38 za waasi. Agosti 2003 wakaongeza ngazi ya tatu, karakoli 5, yaani vituo vya utawala vya maeneo (Oventik, La Realidad, La Garrucha, Morelia na Roberto Barrios), kila moja ikiwa na Baraza la Utawala Mwema. Kabla ya hapo walikuwa wamefuata njia ya sheria: makubaliano ya San Andrés ya Februari 1996 yalitambua haki ya wenyeji kujitawala. Machi 2001 Comandanta Esther alihutubia bunge la taifa akiyatetea, na mwezi uliofuata wabunge walipitisha sheria iliyoyanyofoa kiini chake. Tangu hapo waliacha kuomba, wakatekeleza.

Kanuni zao 7 za kuongoza kwa kutii ni hizi: kutumikia wala si kujitumikia, kuwakilisha wala si kuchukua nafasi ya watu, kujenga wala si kubomoa, kutii wala si kuamuru, kupendekeza wala si kulazimisha, kushawishi wala si kushinda, kushuka wala si kupanda. Wasomaji wa Tanzania waliokariri ahadi za TANU watasikia mwangwi wa "Cheo ni dhamana". Tofauti iko kwenye utaratibu. Chiapas hawakuiachia kanuni kwenye kiapo. Waliifunga kwenye ratiba.

Hadi mabaraza yalipovunjwa mwaka 2023, mjumbe wa baraza hakulipwa. Alitumikia kwa kipindi cha miaka 3 hivi, lakini hakuketi ofisini mfululizo. Alikuja kwa zamu ya wiki moja au mbili, kutegemea karakoli, kisha alirudi shambani na kundi jingine likaingia. Alipewa nauli na chakula. Kijiji kilimlimia shamba akiwa zamu. Kando yake kulikuwa na kamati ya ukaguzi, nayo kutoka vijijini, iliyokaa mlangoni, kuandika nani ameingia na kuhesabu kila fedha. Mkutano wa kijiji uliweza kumwondoa wakati wowote. Miradi inayotoka nje ililipa asilimia 10 kwa baraza ili vijiji vya mbali navyo vipate.

Shinikizo kubwa la mfumo huu lilionekana kwenye milpa, shamba la mahindi, maharage na maboga kwa pamoja. Familia ya watu 6 ikila nusu kilo ya mahindi kwa mtu kwa siku inahitaji karibu tani 1.1 kwa mwaka, bila kuku wala mbegu. Hekta ya mteremko isiyo na mbolea ya dukani huenda isizidi tani moja na nusu, na mwaka mbaya haifiki moja. Hakuna ziada ya kuchezea. Kufyeka ni miezi ya ukavu, kuchoma ni karibu na Aprili, kupanda ni mvua za kwanza za Mei: unatoboa shimo kwa mti wenye ncha, unatia punje 3 hadi 5, unaruka hatua moja. Palizi ya kwanza haivumilii kupita mwezi. Hindi likikomaa bua linavunjwa chini yake ili gunzi liangalie chini, maji ya mvua yasiingie na ndege wasifike kirahisi, na maharage yapande kwenye bua hilohilo. Sasa mchukue mtu huyu umweke ofisini wiki mbili za mwisho wa Aprili. Akikuta mvua zimetangulia, majani aliyofyeka yamelowa na hayaungui, atapanda kwa kuchelewa kwenye shamba lenye magugu. Ndiyo maana ahadi ya kijiji kumlimia mjumbe wake ilikuwa nguzo. Vijiji vilivyoilegeza vilipoteza wajumbe, na waliobaki ni wale wenye watoto wakubwa wa kuwasaidia au wasio na familia. Baraza la watu wenye nafasi tu si baraza la wakulima.

Zamu fupi zilikuwa na gharama nyingine. Mtu anafika na shauri la mpaka, anasikilizwa, anarudi wiki mbili baadaye anakuta sura mpya zisizojua alichoambiwa. Marcos alilijibu lalamiko hilo mwaka 2004: lengo ni kila mtu ajifunze kutawala, asitokee fundi wa utawala anayehitajika kuliko wengine. Nakubaliana na lengo, ila dawa yake inayofanya kazi ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na shauri vilevile. Makundi yaliyofanya makabidhiano ya siku moja, linalotoka likikaa na linaloingia wakipitia kila ukurasa, yalipunguza tatizo. Yaliyoondoka alfajiri yalilikuza.

Katika tamko hilohilo alitaja kasoro mbili kubwa. Ya kwanza ni nafasi ya wanawake. Sheria ya Mapinduzi ya Wanawake, iliyopitishwa Machi 1993 kwa kazi ya Comandanta Ramona na wenzake waliokwenda kijiji kwa kijiji, ina vipengele 10, vikiwemo kuchagua mume, kuamua idadi ya watoto na kushika uongozi. Lakini mahindi ya tortila huchemshwa kwa chokaa usiku na kusagwa kabla ya mapambazuko, na anayefanya hivyo ni mwanamke. Akichaguliwa kwenye baraza, nani atasaga? Mashine ya kusaga ya kikundi iliwafungulia wanawake mlango wa mkutano kuliko maazimio mengi, na vikundi vyao vya kuku, mikate na maduka viliwapa nauli wasiyoiomba kwa mume. Marufuku ya pombe, waliyoisukuma wao, ilipunguza vipigo. Kasoro ya pili ni jeshi. EZLN ni chombo cha amri, na makamanda walikuwa wakiingilia maamuzi ya kiraia. Mabaraza ya 2003 yaliundwa kwa sehemu ili kuwaondoa humo.

Hata misaada ilileta matatizo. Manispaa zilizo karibu na barabara zilipata wafadhili, za ndani msituni hazikupata. Na kilichokuja hakikufaa daima: kompyuta mbovu, dawa zilizokwisha muda, na siku moja kiatu kimoja cha waridi chenye kisigino kirefu, bila mwenzake. Marcos alikitaja hadharani mwaka 2003. Baada ya hapo kila mradi ulipaswa kupita kwa baraza, nalo liliamua unaenda wapi.

Kuhusu kazi ya pamoja, walianza kwa kuweka kila kitu kwenye chungu kimoja, na hawakufanikiwa. Subcomandante Moisés, msemaji aliyemfuata Marcos, ameeleza jinsi manung'uniko yalivyoanza: huyu ana watoto wengi anachukua zaidi, yule anachelewa shambani, mwingine haonekani. Wakabadili. Kila familia ina milpa yake, na kulikuwa na mashamba, ng'ombe au maduka ya kijiji, ya manispaa na ya karakoli ambayo mtu alitolea siku walizokubaliana. Mazao ya mashamba hayo yalilipia nauli za wajumbe, dawa na safari za wagonjwa. Hakuna hesabu moja kwa wote. Kila mkutano unapanga yake. Ndiyo sababu imedumu, naamini, kwa kuwa anayelalamika anaweza kubadilisha mpango kwenye mkutano ujao, jirani na nyumbani kwake.

Hati zinavyorudi mlangoni

Adui mkubwa hajawa jeshi peke yake, ingawa damu imemwagika. Desemba 22, 1997, watu 45 wa kundi la amani la Las Abejas waliuawa na wanamgambo wakisali huko Acteal. Hatari ya kila siku ni hati. Vikundi vilivyoingia pamoja kwenye ardhi iliyorejeshwa mwaka 1994 viligawanyika baadaye, wengine wakitaka kuipima na kusajili kwa majina yao. Agosti 2020 maghala ya kahawa ya Cuxuljá yaliteketezwa, na Wazapatista walisema waliofanya hivyo ni watu wa ORCAO, chama cha wakulima wa kahawa kilichokuwa jirani mwenza. Mpango wa serikali wa Sembrando Vida, unaolipa mkulima apande miti, ulimtaka mnufaika awe na hekta 2.5. Palipo na ardhi isiyo na karatasi, sharti hilo ni mwaliko wa kumpokonya mwenzako.

Novemba 2023, baada ya miaka ya kujadiliana, walivunja manispaa na mabaraza ya karakoli, ambayo yalikuwa yamefika 12. Walisema muundo ulikuwa umekuwa piramidi: maamuzi yalishuka bila kueleweka, mapendekezo yalipanda yakapotelea njiani. Sasa kila kijiji kina Serikali ya Mtaa ya Kujitawala, na hizo ni maelfu. Vijiji kadhaa vikiwa na jambo la pamoja huunda kusanyiko, na makusanyiko hukutana katika baraza la eneo linaloitishwa na vijiji. Fedha, shule, zahanati na kumgundua mbadhirifu ni kazi ya ngazi ya chini kabisa. Wanakijiji wanajua vizuri zaidi kuliko ofisi ya mbali nani amenunua ng'ombe asiyeeleweka fedha yake. Sababu nyingine ni magenge ya uhalifu yanayogombea mpaka wa Guatemala: barabara ikifungwa, kijiji lazima kiweze kujiendesha bila kungoja karakoli.

Mwezi uliofuata walitangaza kile walichokiita kutomiliki. Sehemu ya ardhi iliyorejeshwa inatengwa isiwe ya mtu, ya ehido, ya serikali wala ya Wazapatista wenyewe. Inalimwa kwa zamu, na wasio Wazapatista, hata wafuasi wa vyama, wamealikwa. Masharti ni machache: hakuna kuuza wala kununua, hakuna dawa za kulevya za kupandwa, kuuzwa au kutumiwa, hakuna kampuni wala wanamgambo. Familia zinabaki na milpa zao kando.

Mantiki yake ni ileile ya Ayala ikiwa imesukumwa hatua moja mbele. Jirani anayegombania hati hana sababu ya kupigana juu ya shamba ambalo na yeye ana zamu humo. Utekelezaji ndio mgumu, na kila kijiji kinaupanga chenyewe. Zamu ya mwaka mmoja inamfaa anayelima mahindi, lakini haimfai anayetaka kupanda kahawa, ambayo huchukua miaka 3 au 4 kuanza kuzaa. Anayejua ataondoka msimu ujao hatajenga makinga maji kwenye mteremko wala kuacha mabua yaoze shambani, na udongo wa Chiapas, mvua zikishapita juu yake ukiwa mtupu, haurudi. Zamu ikirefushwa sana, mlimaji ataanza kupanda miti ya matunda mpakani, na kwa desturi za huko kupanda mti ni kudai mahali. Kwa hiyo mikutano inajadili urefu wa zamu, zao linaloruhusiwa, nani atalipia mbegu, na nani atasimama mpakani siku wale wenye hati watakapofika na mpimaji wao.